Chifu Nyati na Mila ya Kutangulia Mtoni

Hapo zamani za kale, watoto, na zamani hizo zenyewe zilikuwa na zamani zake, Chifu Nyati alikiziba kisima cha kijiji kwa miiba.

"Kisima ni mambo ya kisasa," alitangaza. "Mababu walikunywa mtoni, wakawa na nguvu. Hata rafiki yangu Mamba, bwana wa mto, anasema tumepotea kwa kuacha mila."

Hakusema kwamba Mamba amemwahidi uchifu wa bonde zima. Wala hakusema kwamba uvunguni kwake kuna mtungi umejaa maji ya kisima.

Wanyama wakapiga makofi, pa pa pa. Nani hapendi mababu zake wasifiwe? Mama Pimbi peke yake hakupiga. Alikuwa na watoto wadogo, na bibi yake alimweleza kwa nini kisima kilichimbwa: mtoni watu walikuwa wakiliwa.

Angelisema hilo hadharani, angeitwa msaliti. Basi akaenda kwa chifu, akapiga magoti.

"Shikamoo, Chifu. Umetufumbua macho. Sasa ile mila ya kutangulia tutaifanya lini?"

"Mila gani?"

"Ya chifu kuingia mtoni kwanza, maji yamfike kifuani, anywe, ndipo raia wafuate. Au babu yako hakukusimulia?"

Nyati hakuwahi kuisikia, na angeisikia wapi, maana Pimbi aliitunga njiani. Lakini mlinzi wa mila atakiri vipi kwamba kuna mila asiyoijua? Akakohoa.

"Naijua sana. Babu alinisimulia nikiwa ndama."

"Basi kesho, Chifu. Wote nimeshawaambia."

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa ukingoni. Ngoma zikalia, ndi ndi ndi. Nyati akatia kwato moja majini. Matete yakatikisika, macho mawili yakaibuka.

"Karibu, rafiki," alisema Mamba. "Sogea kidogo."

Nyati akaruka nyuma, akaangukia matopeni, pwaa!

"Chifu, maji hayajafika kifuani," Pimbi alisema kwa upole.

"Ingia wewe! Huyu si anakula watu!"

Swala akauliza, "Kumbe ulijua, Chifu? Na watoto wetu ulitaka waje kunywa hapa?"

Wanyama hawakumngoja. Walirudi kijijini wakaing'oa ile miiba kwa pamoja, na kabla ya adhuhuri watoto wa Pimbi walikuwa kisimani wanakunywa huku wakirushiana maji.

Basi, watoto, anayekuhimiza urudi kwenye mambo ya kale, mwambie atangulie yeye.