Mvungu wa Bi Kazija

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mmeisikia leo, wajukuu, na mmetaka kujua ilikotoka. Basi ilianza hivi.

Bi Kazija alikuwa mkunga, na nusu ya watu wa mji wake walizaliwa mikononi mwake. Alipozeeka, mwanawe Shomari alimwonea huruma. Akatoa kila kitu kilichokuwa chini ya kitanda cha mama yake, akakipanga mezani, akamkataza kutwanga na kuchota maji, akamkalisha kitini. Majirani wakamsifu. Na kweli alikuwa mtoto mwema, ila wema nao una ujinga wake.

Miezi ikapita. Siku moja Bi Kazija alisujudu katika swala, akashindwa kuinuka mpaka aliposhikwa mkono. Akaogopa. Mke wa Shomari alikuwa mjamzito, na zama zile mtoto alipokelewa chini, mkunga amechutama. Leo mjukuu wake mwenyewe apokelewe na mwingine, na yeye yuko kitini kama mgeni?

Asubuhi akaamuru vitu vyote virudi mvunguni: kanga, ubani, kibuyu cha mafuta, hata tambuu yake ya kutafuna. Shomari akamkuta amepiga magoti, ameng'ang'ania tendegu la kitanda, jasho linamtiririka.

"Mama, mbona hukuniita nikakutolea?"

"Ukinitolea wewe, mwanangu, miguu itakayopata nguvu ni yako."

Shomari akamwacha aendelee. Siku za mwanzo Bi Kazija alilala akiugulia mapaja, na kuna siku alikaa sakafuni akalia kwa hasira. Lakini kila alipotaka tambuu aliinama, akainuka. Na mama yule alipenda tambuu kupita kiasi. Akaurudia mchi, akairudia ndoo, kidogo kidogo. Uzee haukumwacha, ila ulipata mtu wa kushindana naye.

Uchungu ulipomshika mkwewe, wanawake walimletea Bi Kazija kiti. Akakisukuma kando, akachutama, akakaa vivyo hivyo mpaka mtoto akatoka, akamdaka. Kitovu kilipokwisha kukatwa, akasimama na mjukuu wake kifuani, hakushikwa na mtu, akatoka naye hadi uani kwa baba yake.

Shomari alimpokea mwanawe huku akilia waziwazi. Jirani mmoja akashangaa, akauliza bibi wa umri ule amezitoa wapi nguvu zile. Shomari akamtazama mama yake, kisha akajibu:

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame."