Kanga ya Bi Siwatu Katikati ya Shamba

Bwana Lugendo alikuwa amejinunulia droni. Hakuwahi kumnunulia mkewe hata kanga. Siku moja alimfuata jirani yake mjane, Bi Siwatu, akiwa na mwenyekiti wa kijiji.

"Marehemu baba yangu alikupa eka moja. Naona umejiongezea. Nitapiga picha kutoka juu, kompyuta ipime. Ikizidi, nakata."

"Na ikipungua, baba?"

"Naongeza kutoka kwangu!" Alicheka mpaka kitambi kikatikisika. "Mwenyekiti, andika."

Mwenyekiti akaandika, wote wakatia saini.

"Sasa kompyuta inataka kitu cha kulinganishia. Tandaza kanga yako pale. Urefu wa kanga ni mita moja na nusu, hata mtoto anajua."

"Mimi nijue nini, baba? Msomi ni wewe."

Akaleta kanga mpya, akaitandaza. Droni ikaruka, kompyuta ikahesabu: robo eka. Lugendo akarudia mara tatu. Robo eka.

Mwenyekiti akakata robo tatu ya eka kwenye mahindi ya Lugendo.

Bi Siwatu akaokota kanga, akaipeleka kwa fundi cherehani.

"Fundi, hii doti haijakatwa tangu itoke dukani. Nitenganishie ziwe kanga mbili. Bwana Lugendo ameshamaliza kuipima kama moja."