Mahali Linapolala Gari

Nilimkatiza mama wa watu maneno yake, na kwa kumkatiza huko nusura nimuue mwanamke na mtoto wake. Nalisema hilo kwanza, kabla sijasema la mtu mwingine, kwa sababu Mungu alikwisha kuniona. Ninyi mtasikia tu.

Naandika nikiwa na hasira. Wiki nzima sasa mafundi tunatukanana kwenye simu. Magari ya zamani yabaki na platini, au yafungwe kifaa cha elektroniki? Huyu anamwita mwenzake mshamba, yule anajibu kwamba wewe ni muuza vipuri tu, si fundi. Nimesoma ujumbe zaidi ya mia mbili. Hakuna hata mmoja aliyeuliza gari lenyewe ni la nani, na linakwenda wapi. Basi sikieni.

Kwa asiyejua, platini ni vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana ili plagi zipate cheche. Vinachakaa, vinataka kusafishwa na kupimwa mara kwa mara. Kifaa cha elektroniki kinafanya kazi hiyo hiyo bila kugusana, na hakichakai namna hiyo. Mpaka hapo kila fundi anajua.

Mimi gereji yangu iko Same, chini ya milima ya Upare. Darasa la saba ndilo nililomaliza. Mwaka mmoja nilitoka Dar na vifaa vitatu vya elektroniki kwenye begi, nikajiona nimeumaliza ufundi wote. Ndipo akaja Mama Nakiete, mkunga mstaafu, na gari lake la Pijo 404 aliloachiwa na marehemu mumewe. Kijijini kwake kule juu hakuna gari lingine. Mjamzito akizidiwa, ni Pijo hiyo.

Alitaka platini zisafishwe, basi. Fundi wake wa zamani alikuwa amefariki. Akanieleza kwamba marehemu alikuwa akipima nafasi ya platini kwa karatasi ya kiberiti. Nilicheka mpaka nikashika boneti. Nikamwambia hayo mambo yamezikwa na marehemu, mimi ninamfungia kitu ambacho hatakigusa tena.

Alifikiri kidogo. "Lakini fundi, hili gari linalala..."

"Mama," nikamkata, "wewe kazi yako kuendesha. Ufundi niachie mimi."

Wenzangu wa gereji wakacheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka. Mama wa umri wa kunizaa akanikabidhi ufunguo.

Nikang'oa platini na kondensa, kile kikopo kidogo kinachofanya kazi pamoja nazo, nikavitupa kwenye mchanga uliojaa oili. Nilimwona akiinama kufunga kamba za raba zake, nikaendelea na kazi. Nilipomaliza, stata, ile mota ya kuwashia injini, ilikataa, nikaliwasha gari kwa betri ya gereji. Fundi mwenye akili angejiuliza hapo kulikoni. Mimi sikujiuliza. Injini ilikuwa imetulia mno, nikawa naisikiliza kama mtu anayesikiliza sifa zake mwenyewe.

Kwa shukrani, Mama Nakiete akanialika nipande naye nikachukue mkungu wa ndizi. Kona zote za mlima tulizipanda bila gari kukohoa. Njia nzima nilihubiri habari za kifaa changu, na yeye alinijibu tu, haya mwanangu, haya. Tulipofika aliegesha juu ya mteremko, mbele ya gari ikitazama bondeni, akaweka jiwe kubwa kwenye gurudumu. Jiwe lile nililiona kwa macho yangu haya. Nikala, nikasali, nikalala.

Asubuhi tukiwa kwenye chai, akaletwa Eliwaza, binti wa jirani aliyeolewa papo hapo kijijini. Uchungu ulimshika tangu jana yake na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mama Nakiete alimpapasa tumbo, akasema huyu ni wa hospitali, na hakuna muda. Tukampakia nyuma pamoja na mama mkwe wake.

Stata ikalia mara moja, ikanyamaza. Mama hakushangaa hata kidogo. Aliniambia niondoe jiwe.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kumbe betri yake ilikuwa imechoka miaka miwili, na gari lilikuwa likiwashwa hivyo kila siku: ondoa jiwe, teremka, gia ya pili, achia klachi. Ule umeme kidogo uliobaki kwenye betri ulizitosha platini. Kifaa changu, betri ikishuka kiasi hicho, hakitoi cheche. Na hilo nililijua. Liliandikwa kwenye karatasi iliyokuja na boksi, na niliisoma.

Tukateremka. Akaachia klachi, gari likatikisika, kimya. Akaachia tena. Kimya. Akakanyaga breki, nami nikaruka kuweka jiwe. Mteremko ulikuwa umebaki nusu. Mbele palikuwa na daraja, na baada ya daraja ni mwinuko. Ukiumaliza mteremko ule, umekwisha.

Nyuma Eliwaza alikuwa akimwita mama yake. Mama mkwe akaniuliza kwa upole, wewe si ndiye fundi? Nikaanza kueleza kwamba kosa ni la betri. Ndugu zangu, mwanamke anakufa nyuma yangu, na mimi natetea kifaa. Kila nikisoma mabishano yenu nasikia sauti yangu ya siku ile, na ndiyo maana nakasirika.

Mama Nakiete hakubishana. Alifungua kisanduku cha dashibodi, akatoa kopo la majani ya chai. Ndani mlikuwa na zile platini nilizozitupa, zimefutwa oili zikang'aa. Kulikuwa na kondensa, bisibisi fupi, na kipande cha msasa.

"Jana sikuwa nafunga kiatu," akasema. "Zirudishe, mwanangu. Upesi, lakini usikosee."

Nikaking'oa kifaa changu, nikaanza kuzifunga. Nilipofika kwenye kupima nafasi, geji yangu ilikuwa gerejini. Akachana ubavu wa kiberiti, akanipa. Nikapimia karatasi ya kiberiti.

Nikaondoa jiwe. Tuliliona daraja linakuja. Akaachia klachi, injini ikakohoa mara moja, mara ya pili, ikashika. Hakuna aliyeshangilia. Mama mkwe alikuwa amefumba macho na midomo inamcheza.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji, wa kike, mzima, na mama yake mzima. Daktari alituambia, mngechelewa kidogo tu... Hakumalizia, na sisi hatukumwomba amalizie.

Nje ya wodi nilikaa kwenye benchi nikisubiri matusi yangu, maana niliyastahili. Mama Nakiete akaketi kando yangu, akaniambia kile kifaa nikitunze vizuri. Akipata betri nzima atakuja nimfungie tena. Amechoka kusafisha platini.

Nilimtazama nisiamini. "Mama, baada ya haya yote? Huna hasira nacho?"

"Kifaa hakikunikosea. Ulinikosea wewe. Nilitaka kukwambia gari hili linalala wapi. Yalikuwa yamebaki maneno matatu tu, fundi: mteremkoni, betri imechoka. Ungeyasikia hayo, ungenifungia unachotaka."

Maneno matatu. Nilikuwa na muda wa kucheka, nilikuwa na muda wa kuhubiri mlima mzima, nikakosa muda wa maneno matatu ya mama mtu mzima. Nimetubu kanisani, na leo natubu mbele yenu. Wa platini na wa elektroniki, acheni kutukanana. Mteja amesimama hapo mlangoni, ameanza kusema, na ninyi mnapiga kelele.

Funzo: Kabla hujambadilishia mtu kitu chake, kiwe cha zamani au kipya, msikilize kwanza anavyoishi nacho, kwa maana ujuzi usiosikiliza ni hatari kuliko ujinga.

Naomba jambo moja tu: mtumie fundi wako habari hii, na chini yake mwandikie gari lako linalala wapi.