Alama ya Nzigire

Wapo watu ambao macho yao ni makali kwa kasoro za jirani, lakini huota ukungu yanapofika kwao wenyewe. Mama Nzigire wa Louisville alikuwa mmoja wao, nami nasema hivyo bila chuki, maana alikuwa mchapakazi na mpishi hodari. Shida yake ilikuwa moja tu: hakumwamini mtu, na kuliko wote hakumwamini Eliaichi.

Eliaichi alikuwa kijana Mtanzania, fundi wa kompyuta katika mji wa Columbus, naye alikuwa amemchumbia Jolie, binti wa pekee wa Nzigire, aliyekuwa akisoma Buffalo. Jumamosi ile wazee wangekutana Kenmore, kando ya Buffalo, nyumbani kwa Bagula, kaka yake Nzigire, waseme ndiyo au hapana. Nzigire alipanda basi hadi Columbus akiwa na kompyuta ambayo Jolie aliiacha nyumbani likizoni ikiwa mahututi. Eliaichi akaitia diski mpya, ndogo kama kipande cha chingamu, akaweka mfumo mpya, nayo ikawaka mbele ya macho yao.

"Iko sawa, mama," akasema. "Kesho tutaondoka nayo."

Nzigire alitabasamu, lakini moyoni alikuwa na lake. Bukavu alikokulia, mtu hakumpelekea fundi redio bila kutia alama ndani, kwani kipuri kizima kiliingia kwa fundi na kibovu kikatoka. Kwa hiyo Eliaichi alipokwenda kuoga, mama alichukua bisibisi ndogo ya miwani yake, akafungua kompyuta, akachomoa diski na kuipaka rangi ya kucha kutoka kichwani hadi miguuni. Akairudisha, akafunga, akatulia kama maji ya mtungini.

Njiani, katika gari la Eliaichi, hakusinzia hata kidogo. Eliaichi aliposimama kutia petroli na kufungua buti ilimokuwa kompyuta, Nzigire aligeuza shingo. Anatafuta nini kule nyuma? Kijana alikuwa akitoa koti tu, maana theluji ilikuwa imeanza kuanguka, lakini mama alikwisha kumwona mwizi.

Kenmore, baada ya chakula, Bagula aliomba kuiona kazi ya mkwe. Jolie akabonyeza kitufe. Kioo kilibaki cheusi, kisha yakatokea maandishi meupe: diski haikupatikana.

"Bon," Nzigire akasema taratibu. "Kwako iliwaka. Hapa iko inakataa. Donc, ile diski uliuzisha wapi?"

"Sijauza kitu, mama."

"Mwizi hataoa kwangu."

 Jolie alimgeukia mjomba wake, kwa kuwa alijua neno lake moja lingetosha kuuvunja uchumba.

Eliaichi hakubishana. Aliiwasha tena, akaingia kwenye mipangilio, akaona kwamba kompyuta haikuitambua diski yoyote. Akaomba bisibisi.

"Fungua mbele ya watu," Nzigire akaamuru.

Akafungua. Diski ilikuwa palepale, nyekundu pyu. Rangi ilikuwa imekauka juu ya vijino vya dhahabu vinavyopitisha umeme.

"Nani alipaka hii?" Bagula akauliza. Wote walitazama kucha nyekundu za dada yake.

"Nilitia alama tu," Nzigire akasema kwa sauti ndogo. "Juu ya kuogopa asibadilishe."

Eliaichi alifuta vijino kwa pamba na spiriti, akairudisha diski mahali pake, na kompyuta ikawaka bila kusita. Bagula akatangaza papo hapo kwamba ukoo umekubali. Lakini kijana alikuwa amekwisha kuvaa koti.

"Wazee wangu, nawaheshimu," alisema, "na Jolie nampenda. Ila siwezi kuoa katika nyumba ambamo nitapekuliwa kila nikigeuka."

Akatoka. Jolie alichukua koti lake akamfuata, wala hakumwangalia mama yake. Nzigire alisikia gari likiondoka nao wote wawili.

"Ulitafuta mkono unaofungua vya watu kwa siri," Bagula akamwambia. "Ni huo wako."

 Kweli, nyani haoni kundule, huliona la mwenzake.