Mkata Upepo wa Mwasengo

Anayekata upepo haoni anaowafikisha. Methali hiyo mmeisikia leo dukani, mama mmoja akimwambia mwenzake, mkaja kuniuliza upepo unakatwa kwa panga gani. Si kwa panga, wanangu. Unakatwa kwa kifua, na chanzo cha maneno hayo ni kijiji cha Mwasengo, katika nchi ya pamba, enzi ambazo baiskeli zilikuwa nyingi kuliko magari.

Huko Mwasengo aliishi mtu aitwaye Mihayo Lugola, mwendesha mashine ya kusaga. Wiki nzima alikuwa mweupe kwa unga, nyusi hata kope. Ila pamba ikishauzwa, na mvua za kwanza zikiwa bado, hakuna aliyempata Jumapili. Alikuwa barabarani na baiskeli yake. Mkewe, Minza, alizoea kuwaambia majirani, "Baiskeli ndiyo mke mkubwa. Mimi nimeolewa juzi tu."

Mihayo huyo ndiye aliyeanzisha mbio za Mwasengo. Hakutumwa na mtu wala hakulipwa. Alimbembeleza askari asimame njia panda, akaazima filimbi shuleni, akachora mstari wa chokaa kwa mkono wake mwenyewe. Zawadi ilikuwa fahali wa chama cha ushirika, na kwa aibu ya Mwasengo, fahali huyo hakuwahi kulala kijijini. Kila mwaka vijana wa mjini, wenye baiskeli nyepesi, walimswaga wakaenda naye. Wana Mwasengo walishindwa njiani, wakarudishwa juu ya tela la trekta wamekaa kama magunia.

Mwaka ninaousimulia, Mzee Nkwabi, mwenyekiti wa ushirika, alimwita Mihayo.

"Mwanangu, sisi si wachoyo," alisema, "lakini tumechoka kuwafugia watu wa mjini. Mwaka huu nusu ya watu wetu wasipofika kwa magurudumu yao wenyewe, mbio zinahamia mjini."

Maneno hayo yalimchoma. Alirudi mashineni akasaga mahindi ya watu. Kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Alimpata Kabula, binti aliyesambaza maziwa kwa baiskeli nzito ya mzigo, akampata seremala, akawapata waashi na wakulima, wengine wakiwa na baiskeli zisizo na breki wala aibu. Jumapili baada ya Jumapili aliwatoa barabarani, yeye daima mbele, akawafundisha kwenda mstari mmoja, gurudumu karibu na gurudumu, ili aliye mbele aupokee upepo wa mbuga na walio nyuma wapumue.

Sheria yao ilikuwa moja: asigeuke mtu. Ukigeuza shingo, usukani nao hugeuka, na akianguka mmoja huanguka wote. Hilo walilijua siku ya kwanza kabisa, seremala alipogeuka kumcheka mwenzake, kundi zima likalala mchangani. Kwa hiyo walijiwekea desturi. Aliye mbele huuliza, "Mpo?" Wa mwisho hujibu, "Tupo!" na jibu hilo hupokezwa mdomo kwa mdomo mpaka mbele.

Sasa tusimfanye Mihayo malaika. Mwaka ule miguu yake ilikuwa na nguvu kuliko wakati wowote, na fahali alimtaka. Alimtaka sana. Alikwisha kuona hata mahali pa kumfunga.

Siku ya mbio walikwenda na upepo mgongoni, wakacheka na kutaniana mpaka kisima cha Igaga, ambapo walipaswa kuzunguka na kurudi. Walipogeuka, upepo wa kiangazi uliwapiga usoni pamoja na vumbi lake. Hapohapo vijana wawili wa mjini wakachomoka. Mihayo akashika mbele ya kundi lake, akainama, akaanza kukata.

"Mpo?" aliuliza.

"Tupo!" lilikuja jibu.

Akauliza tena baadaye, jibu likaja kwa taabu. Akauliza mara nyingine, asisikie kitu. Aliyemfuata gurudumu kwa gurudumu alikuwa Kabula.

"Kabula, wenzako wako wapi?"

"Sijui, kaka. Mimi nakuona wewe tu. Upepo unakula maneno yote ya nyuma."

Mbele, wale wawili walikuwa wamechoka. Mmoja alikwisha kuanza kuyumba, na mashati yao yalionekana vizuri kabisa.

"Kaka Mihayo," Kabula aliita, "pengine tumebaki wawili. Wafuate wale! Unawaweza. Niache mimi nitafika polepole."

Mihayo aliyatazama yale mashati. Aliijua miguu yake, na alijua kwamba binti yule hakosei.

"Na kama wapo?" aliuliza.

Kabula akafuta vumbi machoni, akaendelea kukanyaga.

"Nikichomoka na wao wapo," Mihayo alisema, "upepo huu utawatawanya kama makapi. Shika gurudumu langu, mdogo wangu. Twende."

Wakaenda. Mwendo haukuongezeka wala haukupungua. Wale wawili wakasogea, wakawa wadogo, wakapotea, na fahali akapotea pamoja nao. Kifua cha Mihayo kiliwaka moto, machozi ya vumbi yakamtoka, na rohoni alisumbuka kweli. Alijiona mjinga anayewakinga watu waliokwisha kupanda tela zamani. Lakini hakugeuka, na hakuongeza mwendo.

Walipofika nyuma ya ghala la pamba, ukuta mrefu uliuzuia upepo. Kukatulia ghafla. Ndipo Mihayo aliposikia minyororo. Si mmoja, si miwili. Ilikuwa minyororo mingi, mikavu, isiyo na mafuta, ikilia nyuma yake yote kwa pamoja, na katikati yake seremala akikohoa.

Kabla hajasema kitu wakampita. Mstari wa chokaa ulikuwa unaonekana, na damu ilikuwa imechemka! Kabula alipita kulia na baiskeli yake ya maziwa, seremala kushoto, waashi wakafuata wakipiga kelele, na wakulima, na wale wasio na breki. Mihayo aliyekuwa mbele njia nzima alifika wa mwisho kabisa, miguu imekwisha. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili zile zianze, aliwaona wakiendesha. Aliiona migongo yao yote, akaanza kulia bila kujificha.

Watazamaji wengine walicheka. "Mwenye mbio kawa mkia!"

Kabula akashuka, akawageukia akiwa bado anahema.

"Mnacheka nini? Mlitaka awe wa ngapi?" alisema. "Hakujua kama tupo. Hata mimi sikujua. Alituleta hivyohivyo."

Mzee Nkwabi hakuhesabu nusu. Hapakuwa na haja, maana hakuna aliyekosekana. Mbio zilibaki Mwasengo, na fahali akaenda mjini kama kawaida yake. Mihayo hakuwahi kumpata mpaka anazeeka.

Maneno ya Kabula watu waliyafupisha kidogo kidogo, mashineni, kisimani na mezani, mpaka yakabaki haya mnayoyasikia. Basi mkimwona mtu ameinamia kazi yake, hana wa kumjibu, hajui kama nyuma yake kuna watu au kuna vumbi tupu, naye hapunguzi mwendo, msimcheke. Anayekata upepo haoni anaowafikisha.