Msonyo wa Marehemu

Mmeshiba, sasa mnataka hadithi. Juzi hadithi, jana hadithi, koo la bibi yenu mnaliona kisima. Haya, kaeni. Atakayesinzia asiniulize mwisho.

Paliondokea ndugu watatu, watoto wa Bi Zuwena, muuza vitumbua wa Tabora. Tausi alijaliwa masikio: mtu akikohoa nyuma ya ukuta, anakutajia jina lake. Shomari alijaliwa kusoma: hata gazeti lililofungiwa maandazi halitupi kabla hajalimaliza. Mkejina alijaliwa mdomo. Huo hata mimi nauogopa.

Bi Zuwena hakujua kuandika. Kampuni moja kubwa, Sikio, ikaleta programu ya bure: unaongea, simu inakuandikia. Shomari akamwekea mama. Mkataba ulikuwa mrefu, na siku hiyo, hiyo tu, hakusoma. Akabonyeza "Nakubali".

Miaka mitatu mama aliagiza mchele, akagomba, akabembeleza wajukuu, yote simuni. Kisha akafa.

Arobaini haijaisha, Tausi yuko kwa jirani, akasikia simu ikisonya. "Mwanangu, umekaa tu? Weka dau, ushinde!" Sufuria likamponyoka. Mama, ambaye hata karata hakuziruhusu uani kwake, sasa anaita vijana kwenye kamari. Nao wanakwenda, nani haitiki akiitwa na mama?

"Mashine tu hiyo, shoga," jirani akasema.

"Mashine ina pengo la jino? Msonyo huo ni wa mama!"

Bila masikio yale, nani angejua?

Shomari akajifungia na mkataba, kurasa mia na kumi. Akaona alichowapa Sikio bure, nao wakakiuzia watu wa kamari: sauti, kicheko, hata pumzi za mama. Lakini ukurasa wa tisini na nne ulikuwa na mstari mdogo kama chawa: ruhusa hufa na mwenye sauti. Bila macho yale, kesi ingetoka wapi?

Mahakamani wakili wa Sikio alitabasamu. "Marehemu alikubali mwenyewe."

"Mama hakujua alifu kwa kijiti," Mkejina akamkatiza. "Wewe uliyesoma, mama yako ungemweka mlangoni pa kamari?"

Tabasamu likakauka. Wanasheria watatu walikwisha kuikimbia kesi ile. Bila mdomo ule, nani angesimama?

Hakimu akaihukumu Sikio ilipe kwa kinywa kilekile ilichokiiba. Siku saba, kila simu iliyoita vijana ikasema kwa sauti ya Bi Zuwena: "Msiniitikie, wanangu. Mimi nimekufa." Mji mzima ulinywea.

Kisha hakimu akaamuru sauti irudi kwa mtoto mmoja tu, isije ikagawanywa ikasambaa tena. Tausi anataka kuihifadhi, awe anaisikia. Mkejina anataka ifutwe: maiti hasemeshwi. Shomari anataka kuiomba radhi, na anataka imjibu.

Haya, nyie wenye midomo. Aliyeitambua, aliyeikomboa naye ndiye aliyeitoa bure, au aliyeipigania: ungekuwa wewe hakimu, ungemkabidhi nani?