Masanduku Manne ya Mwalimu Asajile

Hapo zamani, wala si zamani za mbali, ni uchaguzi mdogo uliopita tu, mjini Ilambo aliishi mwanamke aitwaye Bupe. Alikuwa na blogu ya siasa. Diwani akila fedha za kisima, Bupe aliandika. Barabara ikijengwa kwenye makaratasi tu, Bupe aliandika. Watu walimwamini, kwa sababu habari yake haikutoka mpaka ipate vinywa vitatu.

Siku ya kuhesabu kura, masanduku ya kura yalichelewa kufika kituo cha kuhesabia. Adhuhuri ikapita, vijana wakajaa stendi, wamekunja nyuso. Simu ya Bupe ikalia. Alikuwa binamu yake Gwakisa, karani wa ofisi ya kata.

"Dada, masanduku ya kura yamefichwa kwa Mwalimu Asajile."

"Una hakika?"

"Lini nimekudanganya?"

Kweli, hakuwahi. Kinywa cha kwanza.

Mwalimu Asajile alikuwa mstaafu, na siku hizo msimamizi wa kituo cha kura. Ndiye aliyemfundisha Bupe kusoma. Bupe akasita. Mara ikaingia picha kutoka kwa Sekela, wakala wa mgombea wa upinzani: masanduku manne ya kura, yamepangwa kwenye baraza la Mwalimu, baraza ambalo Bupe alilijua vizuri. Kinywa cha pili.

Akampigia Mama Tusa, muuza vitumbua, jirani wa Mwalimu, mtu asiye na chama.

"Mama, umeona masanduku kwa Mwalimu?"

"Nimeona, mwanangu. Jana yameshushwa kwenye gari, yakafunikwa turubai."

"Ya kura?"

"Mimi sikufunua. Masanduku nimeyaona."

Kinywa cha tatu.

Mwisho akampigia Mwalimu mwenyewe. Akamwamkia, akamweleza.

"Bupe, mimi nimekushika mkono ukiandika herufi ya kwanza. Leo unaniuliza kama ni mwizi?" Akakata simu.

Bupe aliona aibu, kisha aibu ikageuka hasira. Mtu safi si angekana? Akaandika. Akabandika picha. Akataja na mtaa.

Saa moja haikwisha. Vijana walifika na madumu ya petroli. Mke wa Mwalimu alikuwa sokoni. Mwalimu alijifungia ndani. Paa lilipokwisha kushika moto ndipo mmoja wao alipovuta lile turubai. Ilikuwa mizinga minne ya nyuki, ya mbao, yenye umbo la sanduku, mipya, mitupu, aliyoagiza Mwalimu kwa kiinua mgongo chake. Mwalimu hakutoka.

Jioni ile masanduku ya kura yakafika. Gari lilikuwa limenasa kwenye matope. Halikupungua sanduku hata moja.

Siku ya tatu ya msiba, mjane aliwaita Bupe na vile vinywa vyake vitatu, wote wanne, akawaketisha mbele ya waombolezaji.

"Waliowasha moto wako rumande, nimemwachia hakimu. Nyinyi nisemesheni mimi."

Gwakisa akasema, "Mimi nilisikia kwa dereva wa ofisi. Sikusema nimeona. Dada hakuniuliza nimeipata wapi."

Sekela akasema, "Picha ni ya kweli, mama. Ni ya uchaguzi wa kabla ya huu, masanduku yakisubiri gari. Nilitumiwa kwenye kundi, nikaipeleka ilivyokuja. Tarehe sikuijua, na sikuitafuta."

Mama Tusa akasema, "Mimi nilisema nilichokiona, sikuongeza neno. Lakini vijana walipopita na madumu nilijua wanakokwenda. Nikafunga mlango wangu."

Ikabaki zamu ya Bupe. Tangu siku ile alikuwa hajala. Alijua angeweza kusema: niliuliza watatu, nikampigia na mwenyewe, mwandishi gani hufanya zaidi? Maneno hayo alikuwa ameyapanga njia nzima. Hayakutoka.

"Aliponikatia simu," akasema, "niliacha kutaka kujua kama ni kweli. Nilitaka tu awe mwizi."

Mjane akawatazama mmoja mmoja.

"Watatu nawasamehe leo, watu wote wakisikia. Mmoja simsamehe mpaka nizikwe."

Akanyoosha kidole, akamtaja.

Mimi nilikuwepo, jina nikalisikia, na sitalisema. Semeni nyinyi mlionisikiliza: kati ya aliyesema asichokiona, aliyetuma asichokijua, aliyeona akafunga mlango, na aliyeandika, je, nani alistahili kunyimwa msamaha?